Mgeni wa Posti ya Saba

Ijumaa asubuhi, katika bandari ya zamani ya Doha, askari ana neno moja tu la kazi, nalo ni "imefungwa". Nimelisema kwa Kiingereza, nimelisema kwa Kiarabu changu cha kuombea maji, na nimelisema kwa Kijerumani nilichofundishwa na mzee mmoja aliyenionea huruma. Meli inafunga gati alfajiri. Kufika saa mbili, wageni elfu mbili tatu wameshuka na kofia zao na mafuta yao ya jua, wanakuja moja kwa moja kwenye vichochoro vya nyumba za rangi rangi walizoziona kwenye picha, na wanakuta milango yote imeshushwa. Duka la manukato limefungwa. Duka la zulia limefungwa. Hata yule muuza chai ya maziwa amelala kwake. Basi wanamgeukia askari.

"Wanafungua saa ngapi?"

"Saa saba na nusu, baada ya swala."

"Lakini saa saba tunatakiwa tuwe tumerudi melini."

"Pole sana."

Hayo ndiyo mazungumzo yangu tangu Novemba mpaka Aprili. Sijui ni bingwa gani anayepanga meli zifike Ijumaa, na sitaki kumjua, maana nikimjua nitamwambia neno. Mimi naitwa Akinyi, kwetu ni Ahero, nasimama posti ya sita. Ninayetaka kusimulia habari zake ni mwenzangu wa posti ya saba, hatua arobaini kutoka kwangu, kichochoro hicho hicho. Jina lake kwenye kitambulisho ni Damaris Wakesho, lakini hakuna anayelitumia. Chumbani kwetu Al Rayyan tuko wanawake sita, na sote tunamwita Mama Melissa. Dereva wa basi la kampuni anamwita Mama Melissa. Hata supavaiza wetu Herbert, Mganda aliyekuwa mwanajeshi na anayetuita wengine kwa namba, yeye anamwita Mama Melissa.

Mtu mmoja tu duniani hamwiti mama, naye ni Melissa.

Hilo si jambo la ajabu sana kwetu. Damaris ni Mtaita wa Mwatate. Mtoto alipofika miaka miwili na baba yake akiwa ameshajipotezea Mombasa, Damaris alimwacha kwa bibi, akaenda Diani kutandika vitanda hotelini. Mtoto akasikia watu wazima wakimwita bibi "mama", na wakimwita yule mgeni wa Krismasi "Damaris", naye akafuata. Ahero pia wako wa hivyo, tena wengi, na watu hucheka tu mpaka siku linamkuta mtu mwenyewe. Melissa alipofika miaka kumi na minne ndipo Damaris akaja huku. Alimwambia ni miaka miwili. Alianza na kazi ya nyumbani Al Wukair, watoto watano na bibi mgonjwa, miaka minne bila kushika mlango wa nje isipokuwa kutupa taka. Halafu akapata uaskari. Miwili ikawa tisa.

Katikati ya hiyo tisa alirudi nyumbani mara moja, wiki tatu. Melissa alikuwa kidato cha nne, bweni, na mkuu wa shule aliwapa nusu saa chini ya ukuta wa jiko. Wasichana wenzake wakapita. Melissa akawaambia, "Huyu ni Damaris." Wakasema, "Hujambo, aunti," wakaenda zao. Damaris alinisimulia hilo mara moja tu, akiwa anavua viatu, na hakuinua kichwa. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka soksi imeacha alama. Nilimwambia watoto wana ujinga, atakua. Akasema, "Ameshakua, Akinyi. Ndiyo maana."

Sasa mwezi wa kumi na mbili ujumbe ukaingia. Melissa alikuwa amesoma chuo Mombasa, akapata kazi kwenye meli ya watalii, kusafisha vyumba. Aliandika: "Damaris, tunapita Doha Ijumaa ya tarehe kumi na saba. Nimepewa ruhusa ya kushuka. Natoka saa nne narudi saa sita."

Nilimwona mtu mzima akikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akausoma tena. Bandari yetu hiyo hiyo! Kati ya bandari zote za ulimwengu, mtoto anakuja kushuka mlangoni pa mama yake.

Alichokitaka Damaris kilikuwa kitu kimoja, na hakukificha. Alitaka kukaa chini na mwanawe saa nzima, wale kutoka bakuli moja, na kabla Melissa hajapanda meli amwite mama. Mara moja ingetosha, alisema. Nilimtania nikamwambia amwandikie karatasi ya kusoma. Hakucheka.

Sheria ya posti ni fupi. Huketi, hushiki simu, hupokei jamaa wala rafiki. Philipo, aliyesimama posti ya saba kabla yake, binamu yake alimletea wali siku ya sikukuu, dakika tano, na kufika Jumapili Philipo alikuwa Industrial Area analinda ghala la mabomba, peke yake na vumbi. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwomba Herbert ruhusa. Tulipanga wenyewe. Kila askari ana nusu saa ya mapumziko. Mimi nikampa yangu, ikawa saa nzima, kuanzia saa tano hadi saa sita. Mike, kijana wa kupokea zamu, akakubali kusimama posti yake kwa muda huo. Nyuma ya duka la zulia kuna benchi linalotazama maji, kamera haifiki. Ijumaa, maduka yakiwa yamefungwa, hapana mtu wa kulikalia.

Alhamisi alipika kimanga. Hicho ni chakula cha kwao, mihogo na maharage vinapondwa pamoja mpaka vinashikana. Mihogo ya hapa ni ile ya Wahindi, iliyogandishwa, imekatwa vipande kama mawe. Alisimama juu ya sufuria kwa muda wa saa mbili, baada ya kusimama posti muda wa saa kumi na mbili. Akanionjesha. Nikasema inahitaji chumvi. Akasema, "Melissa hapendi chumvi," halafu akaongeza, "Zamani alikuwa hapendi."

Na mimi, kwa kuwa najifanya mjanja, nikampa ushauri. Nilimwambia, "Akikufikia kabla ya saa tano, usimkumbatie. Kamera iko juu ya duka la zulia. Mwache ajifanye mtalii anauliza duka, wewe nyoosha mkono umwelekeze. Na redio ikiuliza, sema ni mgeni tu." Maneno hayo ni yangu. Nataka ijulikane hivyo, kwa sababu baadaye yalitoka kwenye kinywa cha mwingine.

Ijumaa ikafika na meli ikafika, nyeupe, ndefu kuliko mtaa mzima wa kwetu. Kulikuwa na upepo. Nilikuwa nimeshasema "imefungwa" labda mara hamsini, na ilikuwa saa tatu na dakika chache, nilipomwona msichana wa kofia ya bluu anakuja. Sikuhitaji kuambiwa. Alikuwa na ule mwendo wa Damaris, wa mtu anayekanyaga kwa kisigino kwanza.

"Shikamoo," akaniambia.

"Marahaba. Mama yako yuko kule mbele. Usimkumbatie."

Hivyo ndivyo nilivyompokea mtoto wa watu, jamani. Mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi namwambia usimkumbatie. Nikamweleza habari ya kamera upesi upesi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyezoea, na baadaye nikafahamu kwamba kwao melini ni hivyo hivyo: mhudumu hapiti mlango wa wageni, hakai kiti cha wageni, na kamera ziko kila ukuta.

Kichochoro kile ni chembamba na kuta zake zinabeba sauti, tena Ijumaa hakuna muziki wa maduka, kwa hiyo nilisikia mengi. Yaliyobaki Damaris aliniambia.

Melissa alisimama hatua moja mbele ya mama yake. Damaris alikuwa ameweka mikono nyuma, kama tunavyotakiwa. Walitazamana. Halafu Damaris akanyoosha mkono kuelekea baharini, kama anaonyesha njia, na akasema, "Umekonda."

Melissa akageuza kichwa akatazama alikoonyeshwa. "Na wewe umenenepa."

"Ni hili koti la kazi."

"Sawa." Kisha akasema, "Mama anakusalimu sana." Alikuwa na maana ya bibi yake. Mkono wa Damaris ukabaki hewani muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Mbona umekuja mapema?" Damaris akauliza. "Si ulisema saa nne?"

"Ni saa nne."

"Ni saa tatu, mwanangu. Lakini vizuri. Zunguka zunguka, halafu saa tano nina saa nzima. Nimekuletea kimanga."

"Saa tano niwe wapi? Saa sita natakiwa nimeshagonga kadi melini."

"Si ndiyo, sita. Tuna saa nzima."

Melissa akatoa simu yake akaitazama. Ilikuwa inaonyesha saa nne na robo. Akautazama mkono wa Damaris, na saa ya Damaris ilikuwa inaonyesha saa tatu na robo. Meli nyingi zikifika bandari hubadilisha saa zake zikafuata za mji. Ile haikubadilisha. Ilikuwa imetoka Dubai na usiku ilikuwa inarudi Dubai, ambako wako mbele yetu saa moja, na nahodha hakuona haja ya kusumbua watu elfu tatu kwa siku moja. Saa sita ya Melissa ilikuwa saa tano ya Damaris. Dakika ileile Mike atakapofika kumpokea, ndipo mtoto atakuwa anapanda ngazi ya meli.

Miaka mitatu tumesimama bandarini, tumeona meli kwa mamia, na hatukuwahi kujiuliza ndani ya meli ni saa ngapi.

"Nenda kidogo," Damaris akasema. "Kamera. Zunguka, rudi."

Melissa akazunguka. Damaris akabonyeza redio na sauti yake ikatoka pia kwenye redio yangu begani. Aliomba apewe mapumziko mapema, saa hiyo hiyo. Kwenye redio tunatakiwa kusema Kiingereza, lakini Herbert hukichoka, hurudi kwenye Kiswahili chake cha kambini.

"Hapana, Mama Melissa. Leo siku ya meli. Hapana badilisha. Kila mutu na saa yake."

Kwa nini hakumwambia sababu? Nimejiuliza sana. Nadhani alikuwa anaona mabomba ya Philipo. Na mimi redio yangu ilikuwa begani, ningeweza kuibonyeza nikasema, bwana Herbert, mtoto wake yuko hapa. Sikubonyeza. Nilikuwa naona mabomba hayo hayo.

Mara ya pili Melissa aliporudi, alimkuta mzee mmoja wa Kizungu amesimama na Damaris, anataka sumaku ya kubandika kwenye friji. Si manukato wala zulia, sumaku. Alitaka yenye ngamia. Damaris akamwambia imefungwa, baada ya swala, pole. Mzee akauliza swala ni ya muda gani. Akauliza kama mwenye duka anaweza kupigiwa simu. Mtoto amesimama pale anasubiri zamu yake ya kusema na mama yake, na dakika zinakwenda, na mzee anaeleza kuhusu mjukuu. Nilitamani nimpe ngamia mwenyewe aondoke. Mzee alipomaliza, Melissa alipata kusema maneno mawili tu kabla hajalazimika kuondoka tena.

Mara ya tatu ilikuwa nzuri. Hiyo Damaris huisimulia. Alinyoosha mkono kulia, akauliza kazi ikoje. Melissa akatazama kulia, akajibu kwamba vyumba ni kumi na sita kwa siku, na mgongo unauma, na kwamba jioni wageni wanataka taulo zikunjwe sura ya mnyama ziwekwe kitandani.

"Mnyama gani?"

"Tembo ndiyo wanampenda."

"Tembo!" Damaris akasahau akacheka. "Tembo wale wale waliotumalizia mahindi kule Mwatate!"

"Nawakunja kumi na sita kila jioni," Melissa akasema, naye akacheka. "Bibi nilipomwambia alinuna siku mbili." Na hapo Damaris alisikia, na mimi nilisikia, kwamba safari hii amesema bibi. Huenda ilikuwa bahati tu. Lakini Damaris aliniambia moyo wake ulipiga mpaka akadhani redio itaushika.

Akauliza, "Unalala saa ngapi?" Melissa akasema saa tano, na kuamka saa kumi na moja. "Unakula?" Nakula. "Miguu?" Melissa akasema miguu inavimba. Damaris akasema, "Lala umeiweka juu ya mto. Mimi nafanya hivyo." Walikuwa wanaongea kama watu wa kazi moja. Aliendelea kunyoosha mkono huku na huku, kulia, kushoto, baharini, na mtu angemwona angesema huyu askari anamwelekeza mgeni mpumbavu sana.

Tatizo ni kwamba mtu alikuwa anamwona. Siku maduka yakiwa wazi kichochoro kile kinajaa, mtu anaweza kupita mara ishirini asijulikane. Ijumaa kiko kitupu. Kofia ya bluu imepita, imerudi, imepita, imerudi.

Mara ya nne ilikuwa saa nne na dakika hamsini na tano. Melissa hakuwa na nafasi tena, alikuja kuaga. Hakusimama hatua moja, alisogea karibu zaidi, na niliona mkono wake unainuka. Redio ikakoroma, yangu na ya Damaris pamoja. Ni Herbert, kutoka kwenye skrini za kamera.

"Posti saba, posti saba. Ule mwanamuke ya kofia bluu. Amekuja mara ine. Nani huyo?"

Kichochoro chote kilisikia. Melissa alisikia. Mkono wake ukasimama pale ulipofika.

Damaris akabonyeza kitufe. Alimtazama mwanawe usoni, na akasema, "Ni mgeni tu, bwana. Anatafuta duka."

"Ambia yeye duka yote imefunga. Aende."

"Nimemwambia."

Melissa aliushusha mkono. Nilimwona akibadilika mbele ya macho yangu. Uso ukanyooka, tabasamu likaja, lile la kazini, na akasema kwa Kiingereza laini wanachofundishwa huko melini, asante sana, madam, nakutakia siku njema. Akageuka. Alipita kwangu kwa haraka, kisigino kwanza, na hakuniaga. Sikumlaumu.

Damaris alibaki ameweka mikono nyuma.

Saa tano kamili Mike akafika anapiga mluzi. "Mama Melissa, saa yako hii, nenda ukafurahi!" Hakujua chochote, maskini. Damaris akachukua bakuli lake kwenye kibanda, akaenda nyuma ya duka la zulia, akaketi kwenye lile benchi saa nzima aliyoiomba. Saa sita akarudi. Bakuli lilikuwa halijafunguliwa. Akanipa, akasema, "Kula wewe, hukupumzika." Nilikataa. Lakini nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu saa kumi alfajiri, na njaa haina adabu. Nilikula nimesimama kwenye pembe ambayo kamera haioni, kimanga baridi, hakina chumvi, kitamu, na nikalia. Mimi si mtu wa kulia.

Saa saba na nusu milango ikaanza kupandishwa, mmoja baada ya mwingine. Wakatoa manukato nje, wakatundika zulia, wakapanga ngamia wa sumaku kwenye kibao. Hapakuwa na mtu wa kununua. Saa tisa meli ikapiga honi ikaondoka, na Damaris hakugeuka kuitazama, kwa kuwa posti ya saba inaelekea upande wa maduka.

Kila posti ina kitabu cha matukio. Kila anayekuuliza jambo zaidi ya mara moja unamwandika, saa na sababu, na jioni askari wa posti jirani anasoma na kutia sahihi kwamba ni kweli. Saa kumi na moja na nusu nikaenda kwake kusaini. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza, kama inavyotakiwa, mistari minne inayofanana: saa tatu na dakika kumi, mgeni mwanamke, aliuliza maduka, aliambiwa yamefungwa. Na mara ya pili, na ya tatu, na ya nne. Chini yake amepiga mstari kwa rula. Chini ya mstari alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko mkubwa:

"Saa nne na dakika hamsini na tano. Niliyosema redioni si kweli. Aliyekuwa posti ya saba si mgeni. Ni mwanangu Melissa Wakesho. Nilimzaa mimi. Damaris, mama yake."

Nikamwambia, "Futa." Akasema kurasa za kitabu zina namba, hazifutwi wala hazichanwi, mimi najua hivyo. Ndiyo maana aliandika mle. Alikuwa ameshaupiga picha ule ukurasa na kumtumia Melissa. "Saini," akasema, "au usisaini. Mimi nimechoka, Akinyi."

Nilifikiria mabomba. Nikafikiria yale maneno niliyompa Alhamisi, jinsi yalivyosikika redioni. Nikatia sahihi.

Herbert alipokuja kukusanya vitabu alisoma amesimama, kidole kikifuata maneno. Alisoma mara mbili. Akamtazama Damaris muda mrefu, halafu akanitazama mimi.

"Ungeambia mimi asubuhi," akasema. "Mimi ningekuja simama hapa mwenyewe."

Mpaka leo sijui kama nimwamini. Wakubwa wengi ni wema jambo likishapita. Lakini usiku huo sikulala, maana inawezekana alisema kweli, na kama ni kweli basi sisi ndio tuliojifungia mlango, si kamera wala sheria.

"Sasa imeandikwa," Herbert akaendelea. "Siwezi fanya kama sikuona." Alifunga kitabu taratibu, akakiweka chini ya vingine vyote.

Jumatatu wakampeleka Industrial Area, kwenye mabomba. Mimi walinipa onyo la maandishi. Basi lake sasa linaondoka kabla ya langu, na asubuhi tunaagana uani mwa nyumba yetu, watu wote wanasukumana na mabakuli yao.

Jumatano, tukiwa pale uani, simu yake ililia mfukoni. Meli ilikuwa imefika mahali penye mtandao. Damaris alisoma, akasimama katikati ya watu, akanipa simu.

"Nisomee," akasema.

"Umeshasoma."

"Nisomee kwa sauti."

Nikasoma. Melissa alikuwa ameandika: "Umekosea, ilikuwa saa tano na dakika hamsini na tano, saa ya meli. Lakini nimeiona, Mama. Nimewaonyesha wote tunaolala chumba kimoja."

Damaris alikuwa ametazama chini, kwenye viatu vyake vya kazi. Dereva wa basi la Industrial Area akapiga honi.

"Tena," akasema.

Dereva akapiga honi tena, akatoa kichwa dirishani akaita, Mama Melissa, twende, tunachelewa. Nikasoma tena.